Tatu kwa Mbili

Jaji wa tatu alipasuka tumbo Jumamosi asubuhi, mchanga ukamwagika sakafuni hadi kwenye viatu vya Okoe Sowah.

"Mshoneni," alisema Okoe. "Leo si siku ya kufa."

Magunia ya kupigia ngumi katika klabu yake yalikuwa matatu, na kila moja lilikuwa limeandikwa kwa rangi nyekundu jina la jaji mmoja. Ni wale watatu waliomnyima dhahabu kwenye fainali ya Olimpiki, miaka thelathini na miwili iliyopita, wakampa kijana wa nchi mwenyeji. Kila bondia wa mtaa wetu wa Bukom aliyepata jina alijifunzia kazi kwenye mbavu za majaji hao. Ukutani, kwa rangi ya kijani, yalikuwepo majina ya wawili waliompa Okoe ushindi: VUKAS NA LINDOR, WATU WA HAKI. Ukiuliza Okoe Sowah hapa Bukom, watu watakukodolea macho. Uliza Tatu kwa Mbili, utaletwa hadi mlangoni.

Ukweli usemwe, kudhulumiwa kulimfaa. Waliowahi kushinda kihalali walisahaulika mapema, lakini Okoe hakununua kenke, yale madonge ya mahindi yaliyochachushwa, kwa pesa yake hata siku moja, maana kila mwuzaji alitaka kusikia tena jinsi ile ngumi ya raundi ya tatu ilivyoingia na majaji wakaangalia pembeni. Hata hivyo usimwonee wivu. Medali yake ya fedha aliitundika kwenye msumari juu ya ndoo ya kutemea mate, na hakuwahi kuigusa tena. Aliitaka ile nyingine, aliitaka kabla hajafa, na daktari alikwisha kumwambia kwamba moyo wake haukubakiwa na raundi nyingi.

Aliyeishusha medali ile kila Jumapili na kuisugua kwa majivu na ndimu alikuwa kocha wake, Ataa Lamptey, sasa mzee wa miaka themanini na mmoja.

"Hii ni mali," mzee alizoea kusema akiirudisha msumarini. "Wewe hujui tu."

Huyo ndiye mtu pekee wa Bukom ambaye hakuwahi kuwatukana wale majaji. Watu wakianza, yeye hutazama samaki kwenye sahani yake. Korkor, binti wa Okoe, alipowaandikia wakubwa wa ndondi huko ng'ambo kuomba pambano lile lichunguzwe, mzee alikataa kuweka sahihi. Alisema yamepita, yaachwe yalale. Okoe aliumia sana. Mwezi mzima hakumsemesha, na siku aliyofungua mdomo alikuja na neno zito.

"Ataa, wale wenyeji walikupa ngapi?"

Mzee hakukasirika. "Ningekuwa nimepewa, ningetembea kwa miguu?"

Okoe akaona haya. Kila mtu alijua kwamba zamani Ataa Lamptey alikuwa na taksi, Datsun nyekundu aliyoiosha mara mbili kwa siku. Aliiuza wiki moja kabla ya safari ya Olimpiki, akisema injini imechoka, na tangu hapo hajamiliki hata baiskeli. Okoe aliomba radhi, wakala pamoja, na habari hiyo haikutajwa tena.

Ijumaa majibu ya uchunguzi yaliingia kwenye simu ya Korkor. Alitaka kuyasoma kwanza peke yake, baba yake akamkataza kabisa. Aibu alipewa mbele ya watu, alisema, na haki yake atarudishiwa mbele ya watu. Akachinja mbuzi wawili. Akaazima vipaza sauti vya kanisa. Kufikia saa nne asubuhi ya Jumamosi watu walijaa ukumbini na barabarani, jaji wa tatu ameshashonwa na kuning'inizwa mahali pake, na Ataa Lamptey ameketishwa kiti cha mbele, jasho linamtoka kama anayesubiri kengele.

"Okoe, mwanangu," mzee alisema akimshika mkono. "Mwache huyu binti asomee ndani."

"Umesubiri miaka thelathini na miwili, Ataa. Subiri dakika mbili."

Korkor akaanza kusoma. Kamati imethibitisha pasipo shaka, alisoma, kwamba katika fainali ile palikuwa na majaji waliopokea hongo.

Bukom ikalipuka. Wanawake walipiga vigelegele, vijana wakaparamia magunia na kuwapiga majaji watatu ngumi za harusi, na Okoe akajifunika uso kwa viganja vyote viwili akalia bila kujificha. Korkor alisubiri kelele zitulie. Macho yake yalikuwa yametangulia mistari kadhaa, na aliporudi kusoma sauti ilikuwa imemwishia, ila vipaza sauti vya kanisa havijui kunong'ona.

Majaji watatu waliompa ushindi kijana wa nchi mwenyeji, alisoma, walihukumu walichokiona. Waliohongwa walikuwa wawili, Vukas na Lindor, na wote wamekiri.

Vijana wakaachia magunia. Watu walitazama ukuta, kisha wakatazama chini, na kwa mara ya kwanza siku ile ilisikika sufuria ya mbuzi ikichemka uani.

Okoe alimgeukia kocha wake. Mzee alikuwa akiitazama medali kwenye msumari wake, juu ya ndoo.

"Nisamehe, mwanangu," alisema Ataa Lamptey. "Ile taksi ilitosha majaji wawili tu."