Mpaka Mguu Upone

Siku hizo sheria ilikuwa moja: ukimgonga mtu barabarani, unamfanyia kazi yake mpaka apone. Ndivyo Radhia, dereva aliyemvunja Mwanaidi mguu, alivyojikuta akisukuma chapati kwenye kibanda cha Mwanaidi.

Kutoka dirishani Mwanaidi aliwaona wateja wakijaa. Akamsikia mumewe, Shebe, akicheka huko kibandani kicheko ambacho hakuwa amekisikia tangu fungate. Wivu ukampanda.

Jioni aliyaacha magongo, akajikongoja hadi kibandani huku ameuma meno.

"Baba Zuhura, nimepona. Mwambie aende zake."

Shebe aliutazama mguu, kisha akamtazama Radhia aliyekuwa akipangusa meza.

"Taratibu, mke wangu," alisema kwa upole. "Daktari akikuuliza, mwambie bado unauma."