Nafasi ya Mama

Siku hizi marehemu hurudishwa nyumbani kwenye sidii. Ya mama tuliiingiza katika kompyuta kuukuu anamoishi baba, ikagoma: nafasi haitoshi.

"Tumfute baba?" nikauliza.

"Ebo! Tufute sauti yake tu, picha ibaki," akasema kaka yangu, Tumsifu.

"Sauti ikifutwa hairudi!"

Alikuwa ameshabonyeza.

Safari hii ilikubali. Mama akatokea kwenye skrini, ameketi kando ya baba. Akamsalimia, akangoja, kisha akatugeukia sisi.

"Wanangu, kumbe baba yenu bado ameninunia? Mpaka huku?"

"Amechoka tu, mama," Tumsifu akajibu.

Mama akampa baba mgongo. Nyuma yake midomo ya baba ilifunguka na kufumba, ikimwita, ikimwita.