Siku Saba za Fundi Mapazia

Haya ninayoandika ni kweli tupu. Naapa kwa meno yangu manne yaliyobaki, na asiyeamini aje ayahesabu.

"Weka matembezi," alisema yule mama. "Siku saba zinanitosha."

Bwana Mihuri alicheka mpaka kiti kikalalamika. Alikuwa mjaza fomu. Meza yake ilikaa barazani, mkabala na ofisi ya viza, na jina hilo alipewa kwa sababu alikuwa na muhuri wa kila kitu, mingine ameichonga mwenyewe kwa soli za kandambili. Kazi aliijua. Kasoro yake ilikuwa moja tu: hakuwahi kumwacha mteja amalize sentensi.

"Dada, mke wa ndoa anaomba siku saba? Watasema huyo si mume, ni jirani."

Mama hakucheka. Alikuwa fundi wa kushona mapazia, vidole vimejaa alama za sindano, na viza alikuwa ameshanyimwa mara mbili. Akinyimwa mara ya tatu, jina lake lingefungiwa miaka kumi.

"Kaka, nisikilize kwanza. Mume wangu ali—"

"Alikwenda kutafuta maisha, akanogewa. Najua, wote ndivyo walivyo. Ana muda gani huko?"

"Mwaka wa nne sasa. Ananiita kila alfajiri."

"Ushukuru wako anakuita. Wa wenzako wamebadilisha namba."

"Silali, kaka. Nataka nifike, nimwombe anipumzishe, nirudi kwenye kazi zangu. Nikizidisha siku, hataniachia."

"Sasa hayo ndiyo mapenzi!" Bwana Mihuri akapiga meza. "Lete anwani."

Akapewa karatasi iliyokunjwa mara nne. Kitalu D, safu ya tisa, namba kumi na nne.

"Anakaa peke yake?"

"Kwa sasa."

"Majirani je?"

"Watulivu."

Mama alipoondoka, Bwana Mihuri aliitazama ile fomu kama daktari anavyotazama kidonda cha mtu mbishi. Mke akiomba matembezi, maofisa wanamkatalia hata chai yao haijapoa, maana wanaamini mke akishamwona mumewe anasahau njia ya nyumbani. Inayotoka ni ile ya kumfuata mwenza, ambayo pale barazani waliiita "ya kukaa". Akafuta matembezi. Akatia alama kwenye kukaa.

Barua ya mwaliko haikuwepo, lakini hilo halikumsumbua. Kwa miaka ishirini alikuwa akiwaandikia waume barua zao, na wake walikiri kwamba waume wenyewe hawakuwahi kuandika vizuri hivyo. Akaandika: "Mke wangu, njoo. Nimekutengea nafasi ubavuni mwangu. Ukija usirudi." Akatia saini ya kubuni juu ya jina la mume. Kwenye anwani ya mawasiliano akaweka sanduku lake la barua, kama alivyofanya kwa wateja wote.

Viza ikatoka baada ya wiki mbili. Mama aliisoma, kisha akaisoma barua ya mwaliko, polepole, midomo ikicheza.

"Hii ameandika nani?"

"Mume wako," alijibu Bwana Mihuri, akamkonyeza.

"Umemwahidi kwamba nitakaa?"

"Dada, wewe shukuru umepata. Ukifika huko utapanga mwenyewe."

Mama aliinamisha kichwa upande, kama mtu anayesikiliza chumba cha pili.

"Haya," akasema. "Ameshasikia."

Mwezi uliofuata barua ngeni iliingia kwenye sanduku la Bwana Mihuri. Iliandikwa na msimamizi wa makaburi.

"Mgeni wenu alifika Jumatatu, akaketi penye kaburi la mumewe, kitalu D, safu ya tisa, namba kumi na nne. Tulipokwenda kufunga lango tukamkuta amelala pale, ameshakata roho. Hakuwa na jeraha, na daktari hakuona ugonjwa. Mkobani mwake mlikuwa na barua ya mume akiomba wakae pamoja. Tarehe yake imetushangaza, kwa kuwa mume huyo tulimzika sisi wenyewe miaka minne iliyopita. Lakini saini tumeilinganisha na vyeti vyake, na ni yake. Tumewaweka pamoja."

Bwana Mihuri alikunja meza yake siku hiyo hiyo, akahama mji, na hakuna anayejua aliko.

Nilipofika hapo nikaweka kalamu chini, nimeridhika. Kumbe mke wangu alikuwa amesimama nyuma yangu anasoma.

"Huyo mjaza fomu alikuwa peke yake na yule mama," akasema. "Wewe maneno yao umeyapata wapi?"

"Alinihadi—"

"Mzee, acha. Hiyo barua ya makaburi ilikuwa ndani ya koti lako la zamani. Niliikuta nikifua, nikairudisha, nikasubiri utasema lini."

Basi nimeshikwa. Na kulipa nimeshaanza: mwezi uliopita niliomba viza, niende nikawaombe radhi palepale walipo. Fomu niliijaza kwa mkono wangu, nikaikagua mara tatu. Matembezi, siku saba.

Imetoka leo asubuhi. Ni ya kukaa.