Mbuzi Safu ya Mbele

"Yupo," Rabia alisema, jicho likiwa kwenye tundu la pazia. "Safu ya mbele kabisa. Na mbuzi."

Nassoro alikuwa akijichorea masharubu kwa masizi. Mkono ukasimama.

"Mbuzi gani?"

"Mbuzi, mbuzi. Mweusi, ana baka jeupe shingoni. Mlangoni wamemkatalia, mzee akawaambia naye anahusika."

Nassoro akakaa juu ya spika, sharubu moja tu likiwa limekamilika.

Mchezo wao ulijulikana nchi nzima. Mzee Kesi, mtu wa milimani mwenye koti refu na viatu visivyofanana, ananyang'anywa mbuzi na jirani. Anauza ng'ombe ili afungue kesi. Anauza mabati ya nyumba ili amlipe wakili. Mwisho anashindwa, na anapanda mlima peku huku mvua ikimnyeshea mkewe sebuleni. Kaseti yake ilipigwa kwenye kila basi la kwenda Arusha. Abiria walicheka kuanzia Chalinze. Wakikaribia Makanya, mwanzo wa nchi ya Wapare, makondakta wenye busara waliizima.

Kisa chenyewe Nassoro alikisikia utotoni, kwenye kambi ya mkonge kule Korogwe, kwa mkata mkonge mmoja kutoka Upareni. Mpare huyo aliacha kazi kabla kisa hakijaisha, kwa hiyo mwisho Nassoro aliutunga mwenyewe.

Leo walikuwa Same, chini ya milima yenyewe.

Jana yake, stendi, mzee huyo wa safu ya mbele alimfuata Nassoro. Alijitambulisha kuwa ni Zefania, wa Vudee, kijiji cha huko juu mlimani. Alivaa suti ya kahawia iliyopigwa pasi ikanyooka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kaseti yako nimeisikia. Yule mbuzi alikuwa wa rangi gani?"

"Sikusema rangi, mzee."

"Hukusema. Na hakimu aliamuaje?"

"Ni mchezo tu, mzee wangu."

"Aliamuaje?"

"Mzee Kesi alishindwa."

Mzee Zefania alivaa kofia yake. Kisha akasema, "Kesho nitakuja. Wala sitakuja peke yangu."

Usiku kucha Nassoro aliota vijana wenye marungu. Mbuzi hakumwota.

"Mbuzi ni wa kuapizia," Rabia alisema sasa, akijivika wigi la hakimu lililosukwa kwa katani. "Watu wa mlimani wanamshika mbuzi, wanakutaja jina. Basi, umekwisha."

"Nani kakwambia?"

"Wewe. Kwenye kaseti ya pili."

"Ile nilitunga, Rabia."

"Ukatunga jambo la kweli bila kujua."

Benedikto, mwenye kikundi, alichungulia. Tangu soko huria lianze na mabanda ya video yaote kila mji, watazamaji wa maigizo walikuwa wamepungua, na subira yake pia.

"Ukumbi umejaa," alisema. "Nassoro, usipowachekesha hawa, gari litarudi Dar bila wewe. Mkonge bado unakatwa, naamini hujasahau."

Nassoro akatoka mbele ya pazia. Lakini koti aliliacha msumarini. Alivaa viatu viwili vinavyofanana, akazungumza Kiswahili cha mtangazaji wa redio, na mzee wake akawa mtu wa mahali fulani, penye tambarare, aliyepoteza kitu fulani.

Mtu alikohoa. Mtoto akaomba kutolewa nje. Kando ya jukwaa, Benedikto alikuwa akizungusha funguo za gari kidoleni.

"We kijana," mama mmoja akaita kutoka katikati, "Mzee Kesi umemwacha wapi? Tumeteremka kutoka juu kwa miguu kuja kumwona yeye."

Ukumbi ukamuunga mkono mama huyo. Nassoro akamtazama Benedikto, akamtazama mbuzi, akaenda kuchukua koti.

Alipotamka neno la kwanza kwa lafudhi ya milimani, kicheko kilitikisa mabati. Akauza ng'ombe, wakacheka. Akapanda juu ya meza kung'oa bati, mke akiishika meza na kuuliza, "Baba nanihii, na la chumbani pia?" Wanawake wa Vudee wakafuta machozi kwa kanga. Mzee mmoja alimpiga mwenzake begani akisema, "Ni wewe huyo, ni wewe." Benedikto alizitia funguo mfukoni.

Mzee Zefania peke yake hakucheka. Alikaa wima, kamba ya mbuzi mkononi, akisikiliza kila neno.

Ikafika hukumu. Rabia alirekebisha wigi, akagonga meza.

"Mahakama imeridhika kwamba mbuzi ni wa jirani. Mzee Kesi, umeshindwa."

Mzee Zefania akasimama.

Alipanda ngazi za jukwaa taratibu, mbuzi nyuma yake. Kicheko kikakatika safu baada ya safu. Rabia alivua wigi, akaona hajui pa kuliweka, akalivaa tena. Nassoro alirudi nyuma hadi pazia likamgusa mgongo.

"Mzee wangu, nisamehe," alisema kwa sauti yake mwenyewe. "Sikukusudia kuwatukana watu wa mlimani."

"Nani katukanwa?" mzee aliuliza.

Akampita. Alisimama mbele ya Rabia, akavua kofia, akamvuta mbuzi mpaka mwangani ili ukumbi wote uone lile baka la shingoni.

"Mheshimiwa hakimu," alisema, "hukumu hiyo si sahihi. Nilikata rufaa Moshi, nikashinda, na mbuzi wangu nilirudishiwa. Huyu hapa ni mjukuu wake."