Kanyaga, Shemeji

"Kanyaga, shemeji. Sasa shikilia hapo hapo."

Fundi Gosbert alikuwa amelala chali chini ya Landrova, spana mkononi. Juu, kwenye kiti cha dereva, mjane wa rafiki yake alikanyaga pedeli ya breki kwa mguu mtupu. Ikazama hadi sakafuni bila ubishi.

"Laini kama tope," alisema mjane. "Wanangu wanaambiwa baba yao aliangusha gari kwa ulevi wa lubisi. Nitafutie ukweli."

Gosbert akalegeza skrubu ya kutolea upepo kwenye breki. Tangu mazishi alikuwa akiomba kimoyomoyo yatoke mafuta ya breki.

Yalitoka maji meupe, yenye povu. Yakamdondokea shavuni, yakinukia sabuni ya mche.

Mwaka huo, baada ya vita, mafuta ya breki hayakupatikana Kayanga nzima. Mafundi walijazia maji ya sabuni ili gari lijikongoje hadi mjini. Asubuhi ya ajali, Gosbert mwenyewe alikoroga kipande cha mwisho cha sabuni ya nyumbani kwake, akamimina, akamwambia rafiki yake, "Yatakufikisha Bukoba." Magunia ya kahawa yalikuwa yamekwisha kupakiwa.

Hakufika hata mwisho wa mteremko wa Nyabiyonza.

"Umeona nini, shemeji?"

Mkono wa Gosbert uliinuka kulifuta lile povu, ukaishia njiani.

"Hakuwa amelewa," alisema. "Shuka, shemeji. Njoo uone nilichomwekea."