Kidoti cha Shavu la Kushoto

Tunu alipoibandua karatasi kwenye bilauri ya kioo cha ukungu, moyo ulimpiga paa. Kidoti cha marehemu kilikuwa kimetokea shavu la kulia badala ya la kushoto. Alisahau kuigeuza picha kabla ya kuichapa, na rangi ikishashikana na kioo kwenye mashine ya joto, haitoki tena. Na bilauri hii ndiyo aliyokuwa akinywea marehemu mwenyewe.

"Tayari, mwanangu?" aliuliza Mzee Ngaluma, mume wa marehemu, kutoka kwenye benchi.

"Bado ina moto, babu." Aliifunika picha kwa kiganja. Kiganja kiliungua, hakukiondoa.

Mzee akainuka, akaichukua kwa pindo la kanzu. Akaikodolea macho.

"Kidoti kimehama."

"Nisamehe, babu. Nimekosea."

Mzee akajikokota hadi mlangoni penye jua, akaigeuza bilauri ili picha iwe upande wa mbali, akaiinua kama anayekunywa, macho yamezama ndani. Hapo Tunu akaelewa: kwa anayetazama kutokea ndani, kidoti kilikuwa kimerudi kushoto.

Akamngoja aishushe. Bilauri tupu ikabaki mdomoni mwa mzee, na koo lake likawa linapanda na kushuka, likimeza.