Wageni wa Kila Jumapili

Kila Jumapili katika kanisa la ndege, Mchungaji Korongo alinyoosha shingo na kutangaza, "Wageni wasimame tuwakaribishe!" Kisha akaketi kusubiri. Na kila Jumapili njiwa wawili, majike waliopendana na kulala kiota kimoja, walilazimika kusimama. Walisali pale tangu wakiwa makinda, lakini Korongo alikataa kuwahesabu waumini mpaka watengane na kila mmoja atafute dume.

Kasuku, mzee wa kanisa aliyezoea kuiga kila kitu, aliongezea, "Mungu anawapenda. Kaeni nyuma."

Jumapili moja njiwa mmoja akasema, "Leo tunaaga. Tumechoka kukaribishwa kwetu."

"Nendeni kwa amani," Korongo akajibu, upesi mno.

Hapo Kanga akainuka, manyoya yamemsimama mwili mzima. "Waende wapi? Nilipougua, Mchungaji, wewe ulinitumia salamu. Hawa ndio waliokuja kuniatamia mayai! Kama wao ni wageni, na mimi mgeni!"

"Mama Kanga, keti basi," Kasuku akambembeleza.

"Siketi! Mnafiki mkubwa we!"

Bata akasimama. Kunguru akasimama. Benchi zima likafuata, na jingine, hata Kasuku akajikuta wima. Korongo peke yake ndiye aliyebaki kitini.

Kanga akamkazia macho. "Wageni tumeshasimama, Mchungaji. Haya, tukaribishe, na uanze na hao njiwa. Ukishindwa, mlango ule pale. Safari hii hawatoki wao."